Gramu 24

Mezani pa mnunuzi mmoja wa kamba pale Nyamisati kuna mizani ya kidijitali inayosoma mpaka gramu. Asubuhi moja, abiria wa Mafia wakiwa bado wanasubiri maji yajae, nilimwomba aniachie nipime vitu viwili. Cha kwanza kilikuwa betri ya tochi, ile ya mviringo yenye urefu wa kidole, kuukuu, fundi aliichomoa kwenye kompyuta mpakato iliyokufa. Ubavuni imeandikwa 2,200 mAh. Mizani ikasoma gramu 45. Nikaiondoa, nikaweka ya pili: mpya, ya buluu, inang'aa, imenunuliwa wiki ileile pamoja na tochi ya kuvaa kichwani. Imeandikwa 9,900 mAh. Mizani ikasoma gramu 24.

Betri hizi zina umbo moja dunia nzima, milimita 18 kwa 65, ndiyo maana zinaitwa 18650. Ndani ya umbo hilo, viwanda bora vya Japani na Korea vimejitahidi miaka na miaka, vikafika kama 3,500. Nzima yenye afya ina uzito wa gramu 45 hivi au zaidi kidogo. Hiyo 9,900 haipo. Hakuna kiwanda chochote kinachoitengeneza. Waliopasua za namna hii wamekuta kibetri kidogo ndani, na nafasi iliyobaki imejazwa mchanga au unga ili mkono usishtuke. (Usiipasue mwenyewe. Betri za lithiamu huwaka moto.) Aliyechapa namba ile alijua anachofanya, na alijua hatutakutana naye.

Nina hasira, na sababu yake ni kwamba naijua safari ya tochi ile. Ilikuwa ya mjomba wangu, anayelima mpunga upande wa Mbuchi. Mpunga ukikaribia kuiva, halali nyumbani. Analala shambani, juu ya dungu, anawafukuza nguruwe. Watu wa Rufiji wanajua maana ya kulala dungu. Kati ya mwaka 2002 na 2004, wakati Kibiti ilikuwa bado ndani ya wilaya ya Rufiji, simba waliua watu zaidi ya 30 katika vijiji vyetu. Watafiti waliofuatilia mashambulizi ya simba kusini mwa Tanzania waliona mnyororo wake: nguruwe wanakuja kula mazao, simba wanawafuata nguruwe, mkulima yuko katikati, kalala kwenye kibanda cha miti. Mto huuhuu wa Rufiji unazungusha mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere, megawati 2,115, lakini dunguni hakuna nguzo wala waya. Kuna tochi.

Tochi ya mjomba aliambiwa inakaa mpaka alfajiri. Ilizimika saa nne usiku.

Nilipomuuliza, hakulalamika. Alisema, "Ndo vya bei rahisi hivyo, mwanangu." Maneno hayo yameniuma kuliko tochi yenyewe. Ameibiwa, halafu kosa kalibeba yeye. Na sisi ndio tuliomfundisha. Sisi wa mjini, wenye kulipa laki mbili bila kuhesabu, tumeligeuza neno "rahisi ghali" kuwa fimbo ya kumchapia mnyonge. Kifaa kikiharibika tunamwambia: si ulitaka cha bei chee? Kana kwamba umaskini wa mnunuzi unahalalisha uongo wa muuzaji.

Bei nafuu haina kosa lolote, na delta nzima ya Rufiji ni shahidi. Kitazame kitochi. Simu ya elfu thelathini hivi, ina vitufe, redio, tochi kichwani, laini mbili. Mvua kaa anaifunga kwenye mfuko wa nailoni, anaingia nayo matopeni kati ya mikandaa, anatoka maji kiunoni. Ikilowa, anafungua mgongo kwa ukucha, anatoa betri, anafuta, anaanika juu ya ubao wa mtumbwi, kesho inaita. Chaji yake inakaa siku kadhaa, na huku kuchaji ni safari. Kampuni ya Transsion, iliyoanzishwa mwaka 2006 na ndiyo yenye itel na TECNO, ililiteka soko letu kwa kusikiliza mahitaji ya namna hii: laini mbili, betri ya kudumu, bei ya mtu wa kawaida. Sasa chukua simu janja ya laki tatu, mgongo umegandishwa kwa gundi, ipeleke Msala, huku deltani. Chumvi ikiingia kwenye tundu la chaji, inaota kutu ya kijani. Fundi wa karibu yuko Kibiti mjini, na kufika kwake ni boti, kisha gari, tena kwa ratiba ya maji kujaa na kupwa. Ipi ni ya thamani hapo? Anayesifia vifaa akiwa amekaa Mikocheni, penye umeme na fundi kila kona, hawezi kumpimia mtu wa Msala.

Wapo wanaopiga hesabu ya usiku. Taa ya elfu kumi inayokufa baada ya miezi miwili ni kama shilingi 167 kwa usiku. Taa ya elfu thelathini na tano inayoishi miaka miwili haifiki hata shilingi 50. Hesabu hiyo ni sahihi, naikubali. Lakini hiyo elfu thelathini na tano inapatikana siku gani? Kaa wanauzwa leo, hela inakuja elfu nane, elfu kumi na mbili, na giza linaingia jioni hiihii. Wanaokuja na mkopo kuziba pengo hilo wengine wanakupa simu ambayo bei yake, ukimaliza kulipa, imepanda mno, na ukichelewa siku chache inajifunga mkononi mwako, pamoja na namba za wateja wako wa samaki. Huo msaada sitaki kuusikia.

Mtu wa delta anajua kuhukumu kifaa kuliko anavyodhaniwa. Anakitikisa asikie kama kuna kinachogonga ndani. Anauliza kama betri inatoka, kama kinafunguka kwa bisibisi, kama waya wake wa chaji ni ule wa simu ya jirani. Kinachomshinda ni namba iliyoandikwa ubavuni, kwa sababu namba haitikisiki. Nimeona sola ndogo kama daftari la shule imebandikwa karatasi ya wati 50. Jua kali la saa sita linaleta kama wati 1,000 kwa mita moja ya mraba, na sola nzuri inakamata sehemu moja kati ya tano. Daftari lote halifikishi wati 7. Mkulima angeijuaje, na kwa nini iwe kazi yake kuijua?

Kazi hiyo ina wenyewe. Shirika la Viwango, TBS, lipo tangu mwaka 1975. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi kuhusu bidhaa, na Tume ya Ushindani ipo kwa ajili yake. Tunasikia ikikamata bidhaa zilizoiba nembo ya mtu mwingine, na ni vizuri. Lakini betri ya buluu haikuiba nembo ya mtu. Imemwibia mjomba wangu. Mwenye nembo ana wakili. Mwenye dungu hana.

Na msiniambie haiwezekani. Usiku wa tarehe 16 Juni 2016, Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilizima simu feki nchi nzima. Kabla yake wananchi walifundishwa kubonyeza *#06# na kutuma namba iliyotokea kwenda 15090, na jibu likaja kwenye simu ya mtu yeyote, awe Masaki au Kiongoroni. Mnunuzi alipewa kipimo mkononi, bure. Lakini ilipofika siku ya kuzima, aliyeuziwa ndiye aliyezimiwa, na aliyeuza akabaki na hela. Safari hii anzeni bandarini na kwenye maghala ya Kariakoo. Betri ya 18650 iliyoandikwa zaidi ya 4,000 isiingie, basi; hapo hahitajiki mtaalamu, anahitajika mtu anayejua kusoma. Na kila duka linalouza tochi liwe na mizani ndogo mezani.

Betri ile niliirudisha dukani, Kibiti. Kijana wa duka akanionyesha karatasi ukutani: mali ikishauzwa hairudi. Sikumfokea. Yeye mwenyewe anaipokea kwa katoni na hajui kilichomo. Nikamwambia uzito wake, akaenda nyuma, akarudi na tatu nyingine za rangi tofauti, akazishika kiganjani moja moja, akanyamaza.

Ya buluu ninayo bado. Ofisa yeyote wa Tume au wa TBS akiitaka, nitapanda basi la Mbagala nimpelekee, na mizani nitakuja nayo.