Shombo Si Uvundo

Kila nikimpeleka mgeni mashamba ya viungo kule Kizimbani, Unguja, hadithi ni ile ile. Kijana anayetutembeza huchubua gome la mdalasini, akawanusisha watu, kisha akashusha sauti kama anayetoa siri ya ukoo: zamani hakukuwa na friji, nyama iliharibika upesi kwa joto letu hili, ndipo wazee wakaitilia karafuu na pilipili kuficha harufu. Wageni hutikisa vichwa kwa mshangao. Mimi mwenyeji nimevishwa kofia ya makuti, najizuia nisimharibie mtoto wa watu riziki yake.

Leo sijizuii. Hadithi hiyo ni uongo, na juu ya uongo ni tusi kwa bibi zetu.

Bibi yangu alikaa Mkunazini, hatua chache kutoka soko la Darajani. Nyama ilinunuliwa asubuhi, ikapikwa, na jua likitua sufuria imeshaoshwa. Siku moja nilirudi na kilo moja niliyopunjwa na muuzaji aliyeona mtoto. Bibi aliifungua, akaikunjia uso kabla hajaigusa. "Mrudishie. Mwambie kwangu hakuna paka." Kabati lake lilikuwa na mdalasini, hiliki, na karafuu kopo zima, wala hakulitupia jicho. Alijua anachojua kila mpishi: nyama iliyovunda ukiipikia pilau, unapata pilau lililovunda lenye karafuu.

Nadhani mkanganyiko umeanzia kwenye tafsiri. Sisi tuna shombo na tuna uvundo. Shombo ni harufu ya samaki hata awe ametoka majini sasa hivi, mkia bado unapiga. Huyo huoshwa kwa ndimu, akapakwa tangawizi na thomu, na mikono ya mpishi nayo ikasuguliwa ndimu. Uvundo ni wa kitu kilichokufa mara ya pili. Kiungo kinakata shombo. Uvundo dawa yake jaa. Mgeni akiambiwa kwa lugha yake kwamba tunaondoa "harufu", anasikia kuoza. Nasi, kwa kupenda kusifiwa werevu, tukaipokea hadithi ile na kuirudia mpaka ikawa yetu.

Kama ni kuhifadhi, watu wa visiwani walijua kuhifadhi, na hawakutumia karafuu. Samaki wa ng'onda hupasuliwa, hutiwa chumvi, huanikwa. Papa mkavu alikuja kwa majahazi. Dagaa wa Mkokotoni huchemshwa kwa maji ya chumvi na kutandazwa juani. Chumvi, jua, moshi: vyote vya bei ndogo au vya bure. Hiliki, kwa upande wake, haijawahi kuwa rahisi. Nionyeshe nyumba yenye uwezo wa kununua hiliki lakini haina uwezo wa kununua nyama ya leo.

Sayansi nayo ilijaribu kuipa hadithi hii heshima. Mwaka 1998 Jennifer Billing na Paul Sherman wa Chuo Kikuu cha Cornell walipitia mapishi zaidi ya 4,500 ya nchi 36, wakasema nchi za joto hutumia viungo zaidi kwa sababu viungo huua vijidudu. Ni kweli mafuta ya karafuu huua vijidudu kwenye maabara. Lakini sufuria ya pilau yenye punje sita za karafuu, iliyochemka vya kutosha, vijidudu vyake vimeuawa na moto. Mwaka 2021 Lindell Bromham na wenzake wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia walirudia kazi hiyo kwa mapishi 33,750, wakaona ushahidi ni haba. Waligundua hata kwamba viungo vingi vinakwenda pamoja na vifo vingi vya barabarani. Tukifuata mantiki ya watembezaji wetu, basi pilipili ndiyo inayopindua daladala.

Tazama ramani tu. Dodoma kuna jua la kukaanga, na watu wanakula ugali na mlenda usiojua pilipili. Addis Ababa iko juu zaidi ya mita 2,300, watu wamevaa masweta, na chakula chao cha berbere, mchanganyiko wao wa pilipili, kinatoa machozi. Mji wa Mexico, kwenye nchi iliyoipa dunia pilipili, nao uko mlimani kwenye baridi. Na wale wanaosema pilipili hutoa jasho likatupoza, waje Unguja mwezi wa Machi. Jasho hapa halikauki, linakugandishia kanzu mgongoni.

Pilipili yenyewe ni mgeni. Neno tunalo tangu biashara ya Uajemi na Bara Hindi, tukiita pilipili manga. Hii kali ya Marekani ililetwa na Wareno baada ya 1498, ikarithi jina. Msikiti wa Kizimkazi una maandishi ya mwaka 1107. Waliosali pale walikaa karibu miaka 400 na joto hili hili, na samaki hawa hawa, bila hata punje moja ya pilipili mbuzi. Hatujasikia kwamba walikwisha.

Na hata sasa, chakula cha Mji Mkongwe si kikali. Kina viungo, ambavyo ni jambo jingine. Pilau haliwashi, na bokoboko ungempa mtoto. Ukinunua urojo Forodhani, pilipili iko pembeni kwenye kibakuli, unajitilia mwenyewe kwa kadiri ya ujasiri wako. Dawa ya kuua vijidudu isingeachwa kwa hiari ya mlaji.

Viungo vimeingia chunguni kwa njia ya bandari na mfuko. Mikarafuu ilifika Unguja mwanzoni mwa karne ya 19 kutoka visiwa vya Wafaransa, ikapandwa Mtoni na Kizimbani, ikatunzwa na kuchumwa na watumwa. Salme binti Said, binti wa Sultani aliyezaliwa kasri la Mtoni mwaka 1844, ameandika jinsi jikoni zao zilivyopika kwa mtindo wa Kiarabu, Kiajemi na Kituruki. Aliyepanda juu ya mkarafuu alikula muhogo. Nenda Makunduchi leo, chini ya jua lile lile linalowaka Shangani mjini, utapewa samaki wa nazi, chumvi na ndimu, na mtamu sana. Kama joto ndilo lingekuwa mpishi, kisiwa kizima kingekula biriani.

Safari ya mwisho, wageni wakiwa wamezama kwenye sabuni za mchaichai, nilimvuta pembeni yule kijana nikamuuliza jana usiku kwao walikula nini.

"Muhogo wa nazi na ng'onda."

"Na karafuu?"

Alicheka. "Karafuu tunauza, mjomba."