KAZI MOJA, MSHAHARA MMOJA



Kila mwisho wa mwezi sisi makarani ndio tunaoandika majina na hesabu za mishahara. Kwa hiyo tunaona. Watu wawili wanashuka pamoja mgodini: kazi ni moja, ujuzi ni mmoja, miaka ya kazi ni sawasawa. Mmoja anapandishwa daraja kwa sababu kapita ni mjomba wake. Wa pili anaambiwa, "Ngoja." Anangoja, na watoto wake wanafukuzwa shuleni kwa kukosa pesa.

Huo ni wizi, hata ukiandikwa kwa mashini.

Wakati wa Wabelgiji kulikuwa na mkataba wa mzungu na mkataba wa mweusi. Mwezi wa Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière waligoma, wakidai nyongeza ya mshahara. Tarehe 9 askari waliwapiga risasi katika uwanja wa mpira wa Elisabethville, ndio Lubumbashi ya leo. Léonard Mpoyi, msemaji wao, alikufa pale pamoja na wengine wengi. Je, walikufa ili rangi ya ngozi itoke katika hesabu, na kabila na ujomba viingie mahali pake? Hapana!

Wengine wanasema, "Basi na mimi nitafute mkubwa wangu, nimpe matabishi." Ndugu, aliyepandishwa kwa matabishi ataondolewa kesho na mwenye matabishi makubwa zaidi.

Sheria iko. Sheria ya Kazi ya mwaka 2002, kifungu cha 86, inasema kwamba kazi, ujuzi na matokeo yakiwa sawa, mshahara ni sawa kwa wote, bila kutazama asili, umri, wala kama ni mwanamume au mwanamke. Basi muweke karatasi zenu za mshahara, hata moja isipotee. Muandike siku mliyoanza kazi na daraja lenu. Muende wengi kwa mjumbe wa sendika. Akinyamaza, muende kwa inspekta wa kazi. Musimtukane kapita, mumuonyeshe hesabu. Wala musimchukie mwenzenu aliyependelewa: hatutaki ashushwe, tunataka aliye chini apandishwe.

Na sisi makarani tujiulize. Mkono unaoandika hesabu ya uongo ni mkono wetu. Karani anayeona na kunyamaza ametia sahihi yake pia. Tangu sasa hatutanyamaza.

Uhuru wa nchi ulikuja tarehe 30 Juni 1960. Uhuru wa siku ya mshahara tuulete sisi wenyewe.