Nyongeza za Bima ya Gari: Zote za Nini?

Katika mdahalo wa chama muhula uliopita, ukumbi mzima ulimshangilia mzungumzaji aliyesema kwamba mwenye gari asiyenunua kila nyongeza ya bima ni bahili. Nilimpigia makofi kwa adabu, lakini hoja yake naikataa katakata.

Kwanza tuelewane. Bima ya thadi pati haina mjadala. Sheria yetu, Sura ya 405, humlazimisha kila anayetia gari barabarani kuwa nayo. Hiyo huwafidia watu wengine wanaoumia au kufa. Gari lako halimo. Anayetaka gari lake nalo likingwe huchukua bima kamili, ile komprehensivu. Nyongeza ninazozisema huja juu ya hiyo, na hapo ndipo wakala huanza kumwaga asali.

Mjomba wangu ana pikapu ya kubebea viazi kutoka Kinangop hadi Nairobi. Ndiyo inayonilipia karo, kwa hivyo haya si porojo kwangu. Alipokwenda kulipia bima upya, alitandaziwa orodha. Juu kabisa ilikuwa kinga ya ekisesi. Ekisesi ni kile kiasi unachojilipia mwenyewe ajali ikitokea, kabla kampuni haijatoa chake. Yake ilikuwa shilingi 15,000, na kinga yenyewe shilingi 3,000 kwa mwaka. Haya, piga hesabu, msomaji: miaka 5 bila ajali, ameshatoa 15,000 zile zile! Mwenye kuweza kuziweka kando hizo elfu tatu kila mwaka ana haja gani? Ila asiye na akiba hata kidogo, huyo ainunue, maana pikapu italala gereji ikingoja ekisesi, na viazi havijui kungoja. Na aulize kwanza kama kinga hiyo inahusu wizi pia.

Ya pili ilikuwa gari la kuazimwa wakati lako linatengenezwa. Ukisikia, waona hii ndiyo ya mjomba hasa. Kumbe ni kigari kidogo cha kubeba abiria! Magunia ya viazi atayapakia wapi, kwenye paa? Na mwalimu ambaye gari lake hutoka Jumapili tu, matatu zipo tele.

Kioo cha mbele nacho mara nyingi kimo tayari katika bima kamili, hadi kiwango fulani. Soma karatasi yako kabla hujauziwa ulicho nacho.

Ile ambayo mimi ningeilipia bila kunung'unika ni ya ghasia za kisiasa, kwa sababu kwa kawaida bima kamili huziacha nje. Pikapu yetu hupita Naivasha. Tangu kuzaliwa kwangu nasikia wazee wakisimulia magari yaliyochomwa huko Bonde la Ufa baada ya uchaguzi wa 2007, na tarehe 25 Juni 2024 magari yaliteketea katikati ya Nairobi. Elfu kumi na tano mjomba anaweza kukopa kwa jirani. Pikapu nzima atakopa kwa nani?

Aliichukua hiyo moja, zingine akazirudisha kwa wakala. Wenzangu wa mdahalo wanaomwita bahili na waje muhula ujao, lakini waje na hesabu.