Mchuma Kahawa Naye Atembelewe
Mwaka 2023 Serikali iliwapa wahudumu wa afya ya jamii mikoba ya vifaa, kila mmoja na nyumba zake kama 100 za kutembelea. Hilo ni jambo jema sana. Lakini mchuma kahawa afikaye Kiambu mwezi wa Oktoba na kuondoka Desemba, ameandikwa katika nyumba gani? Mhudumu apitaye mchana hukuta kambi tupu, maana watu wako shambani mpaka debe la mwisho lihesabiwe. Basi afundishwe kwenda jioni, na kuzitambua dalili za sumu ya dawa za kunyunyizia mimea. Tena apewe nauli, kwani posho iliyowekwa mwaka ule, shilingi 5,000 kwa mwezi, haitoshi kuzungukia kambi. Nasi wenye mashamba tumfungulie lango.