Acheni Kuuma Lulu za Watu

Kila Jumamosi pale Gikomba lazima kuna mtu anauma mkufu. Anauokota kwenye rundo la bangili na mishipi, anausugua kwenye jino la mbele, anakunja uso, kisha anatoa hukumu: "Hii ni feki, mathe." Analipa soo mbili. Jumatatu mkufu uleule uko Instagram, umelazwa juu ya kitambaa cheusi, umebatizwa "lulu halisi za kale", na bei ni njoo inboksi.

Sina noma na biashara, kila mtu anatafuta. Shida yangu ni hiyo hukumu kutoka kwa mtu anayetaka kununua. Na haiko sokoni tu. Jirani yangu alibanwa na karo, akapeleka mkufu wa marehemu mamake kwa sonara mmoja mjini, duka la kiyoyozi na mlinzi mlangoni. Jamaa akautazama sekunde chache, akasema ni plastiki, kisha papo hapo akaweka elfu moja mezani, "ya kukusaidia tu, mama". Sasa niambie, ni sonara gani anayenunua plastiki kwa huruma? Jirani aliufunga kwenye leso yake akatoka. Nilipouona, zilikuwa lulu za kweli, za kufugwa, ndogo, zimechakaa kidogo karibu na kifungio. Hazingelipa karo ya muhula. Lakini kama ni kuuza, ana haki ya kujua anauza nini.

Hebu tuseme ukweli kuhusu hilo jino. Lulu ya kweli ukiisugua polepole kwenye jino inakwaruza kama mchanga laini, kwa sababu ngozi yake imejengwa na tabaka nyembamba nyingi. Ya glasi au plastiki mara nyingi inateleza. Basi, habari imeishia hapo. Jino halijui kama lulu ni asili au ya kufugwa. Hilo maabara huliamua kwa eksirei. Halijui kama ngozi ni nene au iko karibu kubanduka. Halijui bei. Na usisahau kwamba huo mkufu umetoka kwenye shingo ya mtu usiyemjua, na kabla yako wameshauma wengine watano.

Tumia macho, na simu uliyo nayo mkononi. Vuta kamera karibu na tundu la uzi. Kwenye feki, rangi huanza kuchubuka hapo, unaona glasi au plastiki chini yake. Kwenye lulu ya kweli ukingo huwa safi, na kwa nyingi za Japani unaweza kuona mstari kati ya ngozi na ile shanga iliyopandikizwa ndani ya chaza. Mstari huo ukikuonyesha ngozi nyembamba kama karatasi, teremsha bei bila aibu. Ngozi ikiisha hakuna fundi wa kuirudisha. Halafu usiangalie mng'aro tu, angalia kinachoonekana ndani ya mng'aro: je, kivuli cha dirisha kina kingo kali, au ni ukungu? Hapo ndipo pesa ilipo, kuliko hata ukubwa. Lulu kubwa iliyofifia kama chaki tunaiachia wanaopenda vitu vikubwa.

Mafundo kati ya lulu moja na nyingine ni dalili nzuri ya kwamba kuna mtu aliyejali, ingawa feki za heshima nazo hufungwa hivyo. Kifungio chenye muhuri wa 585 au 750 kinadai kuwa dhahabu, lakini kifungio hubadilishwa, kwa hivyo kipe bei yake kivyake. Uzi ukiwa mweusi wa jasho na umelegea, utalipia kuufunga upya. Hiyo pia ni bei.

Ila kuna uongo wa pili, na huu tunajidanganya wenyewe: eti ikishakuwa ya kweli, basi ni mali. Mwaka 1917 Cartier walipata jumba la Fifth Avenue, New York, kwa kutoa dola 100 na mkufu wa nyuzi mbili za lulu asili uliokadiriwa dola milioni moja. Miaka arobaini baadaye, 1957, mkufu huo ukauzwa dola 151,000. Lulu zilikuwa zilezile. Kilichobadilika ni kwamba Wajapani walijifunza kufuga chaza, na kitu kilichokuwa adimu kikajaa madukani. Halafu mwaka 1996 Sotheby's wakapiga mnada nyuzi tatu za lulu za bandia, glasi tupu, zilizokuwa za Jackie Kennedy. Walitarajia dola 500 hadi 700. Zikaenda kwa 211,500! Jino lingesemaje hapo?

Na wale wanaohema kwa ajili ya "asili", wakumbuke asili ilivyopatikana. Katika Ghuba, miongoni mwa waliozamishwa kutafuta lulu hizo walikuwemo watumwa waliosafirishwa kutoka pwani yetu. Neno lenyewe, lulu, tunalo kutoka Kiarabu, na tunawapa mabinti zetu. Mimi za kufugwa zinanitosha kabisa.

Kwa hivyo unayenunua: kama umeona mng'aro na tundu safi, nyamaza kuhusu feki. Punguza bei kwa sababu uzi umelegea, kwa sababu lulu tatu zimekwaruzika, sema hivyo waziwazi. Yule mama amefungua mtumba saa kumi na moja alfajiri, na katika huo mtumba nusu nzima ilikuwa fagia. Kama unajua utauza elfu nne, soo mbili si bei.

Na unayeuza, kabla hujatoa mkufu kwenye leso, muulize sonara kama yeye hununua lulu. Akisema ndiyo, msomee kwanza bei ya ule ulio dirishani kwake, umuulize kwa nini wake ni ghali. Atakueleza vizuri sana: mng'aro, ngozi, jinsi zinavyofanana. Mwache amalize. Kisha fungua leso.