Vipande vya Kilo Huenda Wapi?

Siku hizi vyama vingi vya ushirika vimeacha daftari kubwa la kalamu, na hesabu ya maziwa hufanywa kwa kompyuta. Jambo hili ni jema. Kompyuta haichoki. Lakini hutenda lile tu iliyoagizwa, na agizo likiwa baya mkulima hupata hasara wala asijue.

Tuseme, ndugu mkulima, kwamba kila asubuhi unapeleka kilo 6.4. Kwa siku 30 hizo ni kilo 192. Kama kila asubuhi namba hufanywa kilo nzima, 6.4 inakuwa 6, na mwisho wa mwezi unalipwa kilo 180. Kilo 12 zimepotea. Kwa bei ya shilingi 50, ni shilingi 600. Naye jirani yako mwenye kilo 6.6 huandikiwa 7, akalipwa kilo 12 ambazo hakukamua! Chama hakioni kosa, maana jumla ya wote wawili ni sawasawa.

Kuna agizo baya kuliko hilo, la kutupa kila kipande. Hapo kilo 6.9 nazo huandikwa 6, na kwa mwezi umepoteza kilo 27. Wala hakuna jirani anayefaidika.

Wengine husema vipande vinavyoongezwa na vinavyopunguzwa hulipana vyenyewe. Huenda ikawa hivyo kwa mwenye ng'ombe wengi, ambaye maziwa yake hupanda na kushuka. Kwa sisi wenye ng'ombe mmoja anayetoa karibu kiasi kile kile kila siku, sivyo.

Tena tusimwite karani mwizi upesi. Nimeona ugomvi mkubwa juu ya karatasi iliyoonyesha 10 na 10, na jumla yake 21. Watu walipiga kelele. Kumbe namba zenyewe zilikuwa 10.4 na 10.4, na jumla 20.8. Karani alikuwa ameiagiza kompyuta ionyeshe namba nzima tu, lakini ndani yake ilikuwa imeweka vipande vyote na kuvijumlisha. Malipo yalikuwa ya haki. Kosa lake lilikuwa kuficha vipande ambavyo mkulima alitaka kuviona.

Maoni yangu ni haya. Mizani ikisema 6.4, na iandikwe 6.4, na karatasi ya mkulima ionyeshe hivyo hivyo. Kilo zijumlishwe na kuzidishwa kwa bei bila kuguswa. Ndipo fedha zifanywe shilingi nzima, mara moja tu, kwa agizo linaloitwa ROUND: senti 50 na zaidi hupanda, chini ya hapo huanguka. Hapo hakuna atakayepoteza zaidi ya senti 50 kwa mwezi mzima.

Mkutano mkuu ukifika, usiulize habari za bei peke yake. Mwombe karani afungue hesabu ya mkulima mmoja mbele ya watu wote, aonyeshe ni mahali gani vipande huondolewa.