Kidonda cha Kwanza Si Ushahidi wa Uzinzi

Mgonjwa wa Mkata, Kabuku, Mombo au Magoma anayefika kituo cha afya akiwa na vidonda sehemu za siri kwa mara ya kwanza maishani huja na maswali mawili. La kwanza hulitamka: huu ni ugonjwa gani? La pili hulificha, ingawa ndilo linalomnyima usingizi: nani ameuleta? Mara nyingi hurudi nyumbani na sindano mwilini, vidonge mkononi na agizo la kumleta mwenza wake, huku maswali yote mawili yakiwa hayajajibiwa. Katika malengelenge ya sehemu za siri, ugonjwa ambao kitabibu huitwa hepesi, kumnyima mgonjwa maelezo ni kumpa nusu ya tiba.

Mlipuko wa kwanza kwa kawaida ni mkali kuliko inayofuata. Maambukizi yakiwa mapya, dalili huanza kati ya siku ya 2 na ya 12: homa, kichwa kuuma, mwili kuchoka, na hisia ya kuchomachoma sehemu za siri. Kisha hutokea malengelenge madogo yaliyokusanyika, yanayopasuka na kuacha vidonda vya juujuu vyenye maumivu makali. Mitoki huvimba, na mkojo unapogusa vidonda huunguza. Mwanamke ambaye vidonda vyake vimejificha ndani anaweza kutibiwa UTI au fangasi mara kadhaa bila mtu yeyote kumchunguza. Kidonda cha kaswende, kwa kulinganisha, aghalabu huwa kimoja, kigumu na kisichouma. Hata hivyo, macho peke yake hudanganya, na magonjwa hayo mawili huweza kumpata mtu mmoja kwa wakati mmoja.

Ndiyo sababu mwongozo wa kutibu kwa kufuata dalili humpa mwenye kidonda dawa za kaswende na za hepesi kwa pamoja. Utaratibu wa kutibu kwa dalili una historia ya kuheshimiwa nchini Tanzania. Utafiti uliofanyika mkoani Mwanza kati ya 1991 na 1994 ulionyesha kuwa kuboresha tiba hiyo katika vituo vya kawaida kulipunguza maambukizi mapya ya VVU kwa takriban asilimia 40. Hakuna sababu ya kuubeza. Kasoro yake ni kwamba unaweza kutibu kidonda bila kukitaja jina, na ugonjwa usiotajwa jina na tabibu hupewa jina na majirani.

Wengine hutafuta jibu katika vipimo. Kipimo bora ni usufi unaochukuliwa kwenye lengelenge bichi au kidonda kipya, ili maabara itafute vinasaba vya kirusi. Zahanati nyingi hazina uwezo huo. Kipimo cha damu hutafuta kingamwili, na hapo ndipo wengi hupotea njia. Kingamwili huhitaji wiki kadhaa, pengine hadi 12, kujitokeza. Kwa hiyo anayepimwa siku vidonda vinapotokea anaweza kupata jibu hasi ilhali anaumwa. Jibu chanya siku hiyohiyo, likiwa la kweli, huashiria kuwa kirusi kilikuwemo mwilini tangu zamani. Tena si kila jibu chanya ni la kweli: huko Rakai, Uganda, watafiti walikuta kipimo kinachotumika sana duniani kikitoa majibu chanya yasiyo sahihi kwa watu wengi.

Maelezo hayo ndiyo yanayojibu swali la pili. Mlipuko wa kwanza si lazima uwe maambukizi mapya. Kirusi cha hepesi hujificha katika neva kwa miezi au miaka, na mtu aliyekipata kabla ya ndoa anaweza kuona kidonda chake cha kwanza akiwa na watoto watatu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2020 watu wapatao milioni 520 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 waliishi na aina ya pili ya kirusi hiki, na walio wengi hawakuwa na dalili za kuwafanya wajitambue. Kidonda hakimtii mtu hatiani, wala hakimsafishi. Mume anayemfukuza mkewe kwa sababu ya kidonda, au mke anayefungasha virago, anatoa hukumu ambayo hakuna maabara inayoweza kuithibitisha.

Lipo pia jambo lingine. Kidonda cha hepesi hupona chenyewe, mara nyingi ndani ya wiki 2 hadi 4. Kwa hiyo yeyote aliyekuwa akikitibu huonekana ndiye mponyaji, awe mganga wa kienyeji au muuza dawa aliyetoa antibayotiki. Kikirudi, mgonjwa huamini amerogwa au amesalitiwa upya. Asaiklovia haikitoi kirusi mwilini, lakini hupunguza makali na muda wa ugonjwa, hasa ikianzwa mapema: kwa mlipuko wa kwanza, Shirika la Afya Duniani linapendekeza miligramu 400 mara tatu kwa siku kwa siku 10.

Wapo watakaosema foleni ni ndefu na muuguzi ni mmoja. Wengine watahoji itakuwaje ugonjwa utajwe bila kuthibitishwa na maabara. Tabibu mkweli anaweza kusema, "Inaelekea ni hepesi," kisha akaongeza machache: inaweza kurudi, ila kwa kawaida kwa makali madogo, haimwambii mtu nani alianza, ngono isubiri hadi vidonda vipone kabisa, kondomu hupunguza hatari, ingawa haiiondoi yote, kwa kuwa kirusi huweza kutoka hata ngozi ikiwa safi. Maneno hayo hayamalizi dakika tano.

Kipimo cha kaswende na cha VVU visisahauliwe. Hepesi ya aina ya pili huongeza hatari ya kupata VVU takriban mara tatu, na vidonge pekee haviizibi njia hiyo: utafiti uliochapishwa mwaka 2008, uliowahusisha wanawake 821 wa kaskazini magharibi mwa Tanzania, ulionyesha kuwa kumeza asaiklovia kila siku hakukuwakinga na VVU. Mjamzito naye amweleze mkunga mapema, kwani maambukizi mapya karibu na kujifungua huweza kumdhuru vibaya mtoto.

Korogwe ilikuwa miongoni mwa vituo vya Afrika vilivyoijaribu chanjo ya malaria ya RTS,S, na wazazi wake walielezwa sayansi kwa Kiswahili kabla ya kuridhia. Watu walioweza kuelezwa chanjo hawashindwi kuelezwa kidonda.